Kokwa la Sumaku

Kilichoharibu kikao cha kwanza kilikuwa kiberiti.

Mzee Ambakisye Mwasomola alipanda kizimbani kueleza jinsi tope la mgodi lilivyowachukua wajukuu wake, na kwa kuwa mikono yake haikuweza kukaa bure, akawa anafungua na kufunga kiberiti alichokuwa nacho mfukoni. Kra, kra. Kra, kra. Watu waliojaa ukumbini hawakukisikia, walikuwa wanalia. Mizani, mashine ya kupima ushahidi, ilikisikia. Mzee alipomaliza, taa iliyokuwa juu ya meza ya baraza ikawaka njano, maana yake ushahidi haukupimika. Na kwa sheria, shahidi hupimwa mara moja tu.

"Mzee wangu, shuka taratibu," alisema katibu wa baraza, Bwana Melkiori Komba.

"Nishuke? Nimekwisha kusikilizwa?"

Komba alimwendea. Alimshika mkono, akamsaidia kwenye ngazi.

Kesho yake Komba alimwita Subilaga Mwaipyana. Subilaga alikuwa mtaalamu wa utengemao katika hospitali moja ya Mbeya. Kazi yake ilikuwa kuifundisha mikono upya: iliyoungua, iliyovunjika, iliyopooza, mpaka mtu aweze tena kushika kijiko na kufunga kifungo cha shati. Komba alimpokea ukumbini, viti vikiwa vitupu, akamwonyesha ile mashine iliyoning'inia juu ya kizimba kama kikapu kilichogeuzwa.

"Inasikia pumzi," alisema. "Inasikia koo likikaza, inasikia moyo ukigonga mbavu. Lakini kitu chochote kikigongagonga karibu nayo, inachanganyikiwa. Tumewaambia mashahidi watulize mikono. Mama mmoja akaanza kuchana pindo la kitenge chake. Naye imemwashia njano."

"Huwezi kumwambia mtu asimulie kifo cha mtoto wake huku mikono imelala," Subilaga alisema.

"Najua, dada. Ndiyo maana nimekuita. Nitafutie kitu cha kushika. Kisitoe sauti hata kidogo. Na kiwe kitu ambacho mkono utakipenda, maana wakipewa kisichowafaa wataacha, watarudi kwenye viberiti na vitenge."

Siku hizo hakukuwa na ushahidi mwingine ila mwili wa msemaji. Tangu mtu yeyote mwenye simu aweze kutengeneza picha ya jambo lisilotokea na sauti ya mtu asiyesema, mahakama ziliacha kupokea picha, zikaacha kurekodi, zikaacha hata karatasi zenye mihuri. Ikaja Mizani. Walioiunda walisema anayekumbuka kweli hutetemeka, na mtetemeko huo hauigiziki. Mtu anasema, mashine inapima, nguzo ya mwanga ukutani inapanda. Ikivuka mstari mwekundu, aliyosema yanachukuliwa kuwa yametokea. Isipovuka, ni maneno.

Katika shauri la Ilomwe ulihitajika ushahidi mmoja tu uvuke mstari. Mgodi wa Ilomwe ulichimba madini ya kutengenezea sumaku kali, na tope lake la sumu lilihifadhiwa kwenye mabwawa mawili mlimani, juu ya mji. Bwawa la chini lilipasuka asubuhi ya soko. La juu lilikuwa bado limesimama, na ufa wake, na watu chini yake hawakuwa na pengine pa kwenda. Ushahidi mmoja ukivuka, baraza lingekuwa na nguvu ya kuamuru bwawa la juu likaushwe. Usipovuka hata mmoja, ingeandikwa kuwa ni ajali isiyo na mkosaji, na mgodi ungeendelea.

Subilaga alikubali kazi ile papo hapo. Kaka yake alikuwa miongoni mwa mashahidi.

*

Gwakisa, kaka huyo, ndiye aliyekuwa akikagua kingo za mabwawa. Kila asubuhi alitembea juu ya ukuta, na alipoona unyevu mahali ambapo hapakupaswa kuwa na unyevu, aliwaambia wakubwa wake. Walimwambia asubiri mvua ziishe. Akasubiri. Tope lilipoteremka, yeye alikuwa juu ukutani, mahali salama kuliko pote, akaiona nyumba yake ikienda na mkewe Tumpe na binti yao Lugano ndani yake.

Tangu hapo aliishi kwenye chumba cha kupanga mjini Mbeya, na mikono yake haikutulia. Alifungua bomba akalifunga. Aligonga sahani kwa kijiko. Alikuwa ameling'oa komeo la mlango na kulirudisha mara nyingi mpaka skrubu zikawa hazishiki tena. Hakulala, alisinzia tu, na kila aliposinzia aliruka.

Subilaga alimkuta mchana ule ameketi mezani anagongesha kizibo cha chupa. Akakiondoa taratibu, akatandaza taulo, na juu yake akapanga alivyovileta.

"Vya watoto hivi?" Gwakisa aliuliza.

"Vya watu wazima. Vyote vina sumaku. Nataka unisaidie kuchagua, kaka. Mimi mkono wangu haujui kuhangaika kama wako."

"Angalau nina kipaji," alisema, na karibu atabasamu.

Alianza na vipira vidogo, vyeusi kama pilipili manga, vilivyoshikana vikawa mnyororo, kisha tonge, kisha mnyororo tena. Vilimpendeza. Lakini vilipokutana vililia kama maharage yanayomwagwa kwenye ungo. Subilaga alikuwa ameweka kipima sauti kando ya taulo, sindano ikaruka. Akavirudisha mfukoni.

Cha pili kilikuwa vibao viwili vinavyoteleza, kimoja juu ya kingine, na kila kikifika mwisho sumaku ilikibana: tak. Gwakisa alikichezea huku anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hiki kina jibu. Unakisukuma, kinakwambia nimefika."

"Kinaniambia na mimi. Na Mizani pia."

"Basi ndiyo uzuri wake wenyewe huo, Subi. Ukiondoa mlio, kitabaki nini?"

Cha tatu kilikuwa pete zinazozungukana vidoleni bila kugusana. Sindano haikutikisika. Subilaga alifurahi, akadhani kazi imekwisha. Lakini baada ya muda alimwona kaka yake amezishika pete bila kuzitazama, huku goti lake limeanza kutikisika chini ya meza, na mguu unapiga sakafu.

"Hazisemi kitu," alisema Gwakisa. "Ni kama kula chakula kisicho na chumvi. Mdomo unatafuna, tumbo linauliza."

Cha mwisho kilikuwa na ukubwa na umbo la kokwa la parachichi, kimekatwa katikati. Nusu mbili zilishikana na hazikushikana. Kati yake palikuwa na hewa nyembamba kuliko ukucha, na sumaku zikizivuta na kuzisukuma kwa wakati mmoja. Ukizungusha nusu ya juu, vidole vilihisi meno, kama gurudumu la saa kubwa, moja baada ya jingine, ingawa hakuna kilichokuwa kinagusa chochote. Hakikutoa sauti. Ndani yake palikuwa na koili ya waya na betri ndogo. Koili ilisikiliza mkono: ukiharakisha, meno yalikuja haraka; ukikaza, yakawa mazito. Kilimfuata mshikaji kama mpiga ngoma anavyomfuata mchezaji. Kisha, kikishaujua mwendo wake, kilianza kuchelewa, kidogo sana. Mkono nao ukachelewa. Pumzi ikaufuata mkono.

Subilaga alikijua. Alikuwa amekitumia kwa wagonjwa wenye kutetemeka, na alikipenda kwa sababu kiliwaruhusu wanywe chai bila kujimwagia.

Gwakisa alikizungusha. Mabega yake yalishuka. Goti likasimama. Baada ya hapo kichwa kikaegemea ukuta, mdomo ukafunguka, akalala, usingizi wa kweli, wenye mkoromo, huku nusu ya juu ya lile kokwa ikiendelea kuzunguka polepole chini ya kidole gumba chake.

Subilaga alikwenda kuzima jiko ili sufuria isije ikamwamsha kwa kuchemka. Alisimama pale jikoni akalia, mkono mdomoni. Kisha akampigia Komba simu, akanong'ona, "Nimekipata."

*

Siku ya ndugu wa marehemu, kila shahidi alipewa kokwa kabla ya kupanda. Subilaga mwenyewe alisimama mlangoni na trei, akiwaonyesha jinsi ya kulishika.

Wa kwanza alikuwa Enesi Kajela, ambaye Ilomwe nzima ilimwita Mama Ipyana. Kila mtu alijua habari yake, kwa kuwa kila alipoisimulia ilibidi ashikwe. Kanisani aliwahi kuanguka. Msibani kwa jirani aliwahi kupiga kelele mpaka akapotewa na sauti. Alikuwa amemshika Ipyana mkono wakati tope linafika.

Alipanda, akaketi, akazungusha kokwa.

"Nilikuwa sokoni na mwanangu," alisema. "Tulisikia ngurumo. Nikasema ni gari. Nilikuwa nimemshika mkono. Baadaye sikuwa nimemshika."

Akaangalia dirishani.

"Alikuwa amevaa viatu vipya," aliongeza, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni duka lilipo.

Nguzo ya mwanga ilipanda kidogo, ikasimama mbali sana chini ya mstari mwekundu. Taa ilikuwa kijani: ushahidi umepimika. Umepimika na kuonekana mwepesi. Wakili wa mgodi alisimama nusu, akatabasamu kwa adabu, akasema hana swali.

Akaja mwingine, na mwingine. Hakuna aliyegonga kitu. Hakuna aliyechana nguo. Walisema waliyoyaona kwa upole, mmoja hata akaomba radhi kwa kuwachelewesha. Nguzo haikupanda. Pale nyuma, watu wa Ilomwe walianza kutazamana, na Subilaga, trei mkononi, akayatazama makokwa yaliyorudishwa. Alikuwa ametafuta kitu kitakachotuliza mikono. Hakujiuliza mkono ukitulia nini kingine kinatulia.

Mama Ipyana alimkuta kwenye veranda.

"Mwanangu, ubarikiwe," alisema na kumshika mabega. "Leo nimemtaja Ipyana kifua kisinibane. Tangu siku ile sijawahi. Hiki kidude chako ni dawa." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mashine imenisikia vizuri?"

"Imekusikia, mama," Subilaga alisema.

*

Komba alikuwa ofisini kwake, amevua viatu, anakunywa chai iliyopoa. Subilaga alifunga mlango.

"Nina swali, Bwana Katibu. La kufikirika tu."

"Uliza."

"Ikionekana kwamba kile tulichowapa mashahidi kimewapunguzia uzito, baraza litafanya nini?"

Komba aliweka kikombe chini. "Nani ataonekana amekigundua?"

"Nimesema ni la kufikirika."

"Basi na jibu ni la kufikirika. Wote waliokishika watafutwa. Na aliyefutwa hapimwi tena. Sheria haina mara ya pili. Mgodi utashangilia." Alivaa kiatu kimoja, akaacha kingine. "Ukinyamaza, angalau maneno yao yatabaki yameandikwa, hata kama ni mepesi. Na amebaki shahidi mmoja."

"Kaka yangu."

"Kaka yako. Aliyewaambia kabla haijatokea. Akivuka mstari yeye, bwawa linakaushwa. Asipovuka, mimi nitasoma uamuzi kwamba hakuna mkosaji, halafu nitarudi nyumbani, na nyumba ya dada yangu iko chini ya lile bwawa. Usinitazame hivyo. Ulinipa kimya. Ndicho nilichokuomba."

"Anaweza kupanda bila kitu mkononi?"

"Umemwona mikono yake. Atagonga kizimba, itawaka njano kabla hajataja jina."

Subilaga alisimama. Alikuwa ameshajua jambo ambalo Komba hakulijua: kokwa likitolewa betri linabaki kokwa. Sumaku zinasukumana vilevile, vidole vinahisi meno vilevile, sauti hakuna. Ila halimfuati mtu. Linakuwa jiwe lenye meno.

*

Alikwenda kwa Gwakisa kabla jua halijazama, amejipanga atasema nini. Atasema: kaka, kile kitu kinakuficha. Kesho kiache. Itauma, nitakuwa pale.

Alimkuta anapika mbalaga. Chumba kilinukia ndizi na maziwa. Komeo la mlango lilikuwa limefungwa na skrubu mpya, nne, zimenyooka. Gwakisa alikuwa amenyoa.

"Kaa, mdogo wangu. Leo utakula cha mwanamume. Usicheke kabla hujaonja."

Alikula, na kilikuwa kizuri, na Gwakisa alizungumza. Alisema anafikiria kurudi kazini, siyo mgodini, labda kwenye mifereji ya maji ya mji. Maji safi yana lugha nyingine. Halafu, bila kuulizwa, akamtaja Lugano. Alieleza jinsi alivyoficha kifaranga ndani ya begi la shule kwa sababu alitaka mwalimu amwone, na kifaranga akalia katikati ya sala ya asubuhi.

"Mwalimu akauliza, nani anayelia? Lugano akasema, ni mimi, mwalimu, nimemkumbuka mama." Gwakisa alicheka mpaka akajifuta macho. "Unaona uongo ule!"

Kokwa lilikuwa mkononi mwake wa kushoto, linazunguka.

Subilaga alicheka naye. Hakuwa amelisikia jina la mtoto yule mdomoni mwa kaka yake tangu mazishi, yale mazishi yasiyokuwa na miili. Aliyatafuta maneno aliyokuja nayo. Akiyasema, Gwakisa ataweza kukataa. Na akikataa, atakuwa na haki. Nani angemwambia mtu aliyelala kwa mara ya kwanza kwamba aamke ili mashine imwone anavyoungua? Na akikataa, ni watu wangapi walio chini ya ule ufa? Aliwaona watoto wa Ilomwe na mabegi yao. Akamwona dada yake Komba, ambaye wala hamjui, na nyumba zote zile. Halafu akaangalia sahani.

"Nipe hilo kokwa," alisema. "Nikalichaji, lisije likaishiwa nguvu kesho."

Gwakisa alilitazama. Ilimchukua kidogo kuliachia.

"Utaniletea kabla sijapanda?"

"Nitakuletea."

"Mimi bila hicho, Subi, sitaweza. Nakwambia wewe peke yako."

"Nimekusikia, kaka."

Alipofika nyumbani kwake, alikaa kitandani akalifungua kwa bisibisi ndogo. Betri ilikuwa ndogo kama punje ya hindi. Aliiweka kwenye droo pamoja na sindano na vifungo. Alijisemea kwamba bado kuna asubuhi, kwamba atamwambia asubuhi.

*

Asubuhi palikuwa na watu wengi mlangoni. Gwakisa alivaa koti la marehemu baba yao. Alinyoosha mkono, na Subilaga akamwekea kokwa kiganjani, akakifunga kiganja chake kwa mikono yake yote miwili. Hakusema kitu. Gwakisa alidhani anaombewa, akainamisha kichwa.

Akapanda. Akataja jina lake, na kazi aliyokuwa akifanya. Kidole gumba kikaanza kuzungusha.

"Kila asubuhi nilitembea ukutani," alisema. "Kuna siku niliona unyevu..."

Akasita. Akaangalia mkono wake. Akazungusha haraka zaidi. Akabadilisha mkono. Subilaga, aliyekuwa amesimama kando ya mlango, aliona hasa wakati ule kaka yake alipofahamu. Gwakisa alimtafuta kwa macho ukumbini, akampata. Haukuwa uso wa hasira. Ulikuwa uso wa mtoto aliyeachiwa mkono kwenye maji.

"Niliona unyevu," alirudia, na sauti ikapasuka. "Niliwaambia. Wakasema nisubiri. Nikasubiri! Mimi ndiye niliyesubiri. Ningeweza kuteremka nikawatoa. Mke wangu aliniuliza asubuhi ile, ukuta ukoje? Nikamwambia uko salama. Nilimwambia uko salama kwa sababu sikutaka aogope. Kwa hiyo hakuogopa. Akabaki ndani. Nilimwona Lugano dirishani ananipungia mkono, alidhani... alidhani namwita kucheza..."

Kilichofuata hakikuwa maneno. Hakuna aliyewahi kusikia mtu mzima akilia hivyo, na wengi walitoka nje. Mikono yake ililikaza lile kokwa kiasi kwamba damu ilitoka penye kucha, lakini halikutoa sauti. Nguzo ya mwanga ilipanda, ikavuka mstari mwekundu, ikaenda mpaka darini, ikabaki pale. Taa ilikuwa kijani.

Komba ndiye aliyemwendea kizimbani. Alimfungua vidole kimoja kimoja, akalichukua kokwa, na kwa mazoea akalizungusha. Akasimama. Alimtazama Subilaga ng'ambo ya ukumbi. Kisha akaliweka kwenye trei katikati ya mengine, akalichanganya, akarudi mezani kusoma amri: bwawa la juu la Ilomwe likaushwe, wakuu wa mgodi washtakiwe. Watu walisimama wakaimba. Wakili wa mgodi alikusanya vitu vyake.

*

Subilaga alimkuta nyuma ya ukumbi, ameketi kwenye tofali, koti la baba limelowa kwapani. Mikono yake ilikuwa inarukaruka juu ya mapaja kama samaki waliotolewa majini.

"Ulitoa betri," alisema Gwakisa.

"Ndiyo."

"Jana ulipokula kwangu ulikuwa umeshaamua?"

"Nilikuja kukuambia. Nikakuona unacheka. Sikuweza."

"Ukaweza hili."

Kutoka mbele ya ukumbi walisikia vigelegele. Mtu alikuwa analitaja jina la Gwakisa, wanamtafuta wambebe.

"Kaka, niliogopa utakataa."

"Ningekataa." Alipangusa pua kwa mkono wa koti. "Ningekufukuza na sahani yako. Halafu ningekaa, ningewafikiria wale watoto kule chini, na asubuhi ningekuja mwenyewe bila chochote mkononi, ningekalia hivi vidole hadi vife ganzi. Ningepanda na akili zangu. Ningejua ninakwenda wapi."

"Nisamehe."

"Wakubwa wangu pale mgodini, unajua waliniambia nini kuhusu ule unyevu? Waliniambia, usiwaambie watu, utawatia hofu bure. Nami nikamfanyia Tumpe vilevile. Leo umenifanyia wewe." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Sisemi bwawa lisikaushwe. Likaushwe. Nasema tu ungeniuliza."

Alisimama akaondoka kwa mlango wa uani, ili wale wenye vigelegele wasimwone.

Bwawa lilikaushwa kabla ya mvua kubwa. Kwenye sherehe Ilomwe Subilaga alikaribishwa meza ya mbele na hakwenda. Makokwa yalinunuliwa na mabaraza mengine. Yalisifiwa kwa utulivu wake. Subilaga aliandika kuyapinga, kwa jina lake, akieleza kila kitu ila jambo moja. Hakujibiwa.

Kwa Gwakisa alipeleka kokwa jipya, lenye betri. Alilijaribu mbele yake, kwa adabu, akalirudisha. Halikumfanyia kitu tena. Kiganja kilikuwa kinangoja liache kumfuata, kama siku ile kizimbani.

Mwaka uliofuata Gwakisa alihamia Kyela kwa wakwe zake, akawa anawalimia kokoa. Subilaga alimfuata huko siku ya Jumapili. Alimkaribisha vizuri. Alimletea kiti, akamletea maji ya kunawa, akamwuliza habari za hospitali na za barabara. Mama mkwe alileta wali na samaki. Wakati wote Gwakisa aliongea kama mtu anavyoongea na mgeni wa heshima, hakumkatisha, hakumtania, hakumwita Subi wala mdogo wangu. Chini ya meza vidole vyake vilikuwa vinagonga mbao, mfululizo, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyeonekana kuvisikia.

Subilaga alipoaga, Gwakisa alimsindikiza mpaka njia panda, kama inavyotakiwa.

"Unalala sasa?" Subilaga alimwuliza. "Usingizi unakuja?"

"Tunashukuru Mungu," alisema. Akampa mkono. "Haya, mtaalamu. Safari njema."

Akageuka, akarudi kwa njia ile ile ya mikokoa.